Mjadala: Kila shule ya msingi ya umma Mombasa ipewe nesi wake?

Mimi nasema ndiyo. Fungua sanduku la huduma ya kwanza katika ofisi ya mwalimu mkuu uone kilichomo: pamba, spiriti, plasta mbili tatu, mkasi ulioshika kutu. Mtoto akibanwa na pumu, simu zinaanza. Mzazi yuko kazini kisiwani, feri haijavuka, na mwalimu anaogopa kumpa dawa hata kidonge. Mwisho huwa ni tuktuk hadi zahanati, nauli ya mwalimu, darasa limeachwa peke yake.

Mtaniambia miradi ipo. Naam. Dawa za minyoo hugawiwa shuleni, sodo za bure zimo katika sheria tangu 2017, na chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa hapahapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Lakini miradi hii huja kama mgeni wa harusi, hula na kuondoka. Chanjo ile ilizua minong'ono tele. Mama asiyemjua anayemdunga mwanawe sindano atamsikiliza jirani, na simlaumu.

Shida hasa ni nani amwajiri. Katiba ya 2010 iliipa kaunti afya, shule ya msingi ikabaki kwa serikali kuu. Mwalimu ni wa TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu; nesi ni wa kaunti. Ila chekechea ni ya kaunti, na mara nyingi imo ndani ya ua uleule. Kaunti ikileta nesi wa chekechea, nani atamzuia kumtazama mtoto wa gredi ya nne?

Mwalimu, Kisauni:
Hiyo ya chekechea umenipata. Lakini ukimtoa nesi zahanati akae shuleni kutwa, foleni ya wajawazito aachiwe nani? Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba ya vifaa 2023. Wapangiwe zamu shuleni. Na maji jamani! Twafundisha kunawa mikono na mfereji umekauka, twanunua mitungi ya mkokoteni.

Mwanzisha mada:
Maji nakubali, hapo sina ubishi. Mhudumu wa jamii atapima presha na sukari, lakini pumu hatibu. Basi nesi mmoja kwa shule tatu zilizo karibu. Chini ya hapo sikubali. Wazazi wa Likoni na Changamwe, kwenu mtoto akizirai darasani huitwa nani?