Naomba ushauri: mihimili ya boti ya wota-ski imeoza
Wakuu, boti ni ya faibaglasi, ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji, imepandishwa nchi kavu hadi baridi iishe. Maji ya kwenye bloku ya injini yameshamwagwa yote, yasigande yakaipasua. Shida ipo chini, kwenye mihimili ya mbao inayobeba injini: skurubu zinazoshika injini zinazunguka bila kukaza, na ukitoboa mhimili kwa drili zinatoka chenga nyeusi, zimelowa, zinanuka uvundo. Maji yamepenya kwenye matundu hayohayo ya skurubu.

Nakusudia kubadilisha mhimili mmoja mmoja, bodi isije ikapinda, kisha epoksi na faibaglasi. Je, nirudishe mbao au niweke povu gumu? Na kimo cha injini nikihifadhi vipi kabla ya kukata? Flanji za shafti (visahani vinavyounganisha injini na shafti ya propela) hazitakiwi kupishana zaidi ya milimita 0.08. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.