Mke kumtolea mumewe ushahidi: kesi ya shamba na kesi ya jinai, Malindi

MamaHidaya, Malindi
Assalaam aleikum jamaa. Ugomvi mmoja wa mpaka wa shamba umemzalia mume wangu kesi mbili: jirani amemfungulia madai, na polisi wamemshtaki kwa kumpiga huyo jirani. Wakili wa shamba anataka niandike kauli ya shahidi. Mashemeji wanasema mke hasikizwi kortini. Ni kweli? Na upande wa mashtaka wakiniita nimshuhudie mume wangu?

Karani wa Amu
Waaleikum salaam, dada. Mashemeji wamechanganya kesi mbili. Soma Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura 80, kifungu cha 127. Kwenye madai, mke ni shahidi kama mwingine yeyote, basi andika. Kwenye jinai huitwi ila mumeo mwenyewe aombe. Mashtaka wataweza kukuita bila ridhaa yake kwa makosa machache tu: kuoa kinyume cha sheria hali ana ndoa nyingine, makosa ya kingono, au jambo lililokudhuru wewe au watoto, mwilini au kwenye mali. Jirani hayumo humo. Lakini ikiwa shtaka lasema fimbo ilimpata mtoto wenu pia, waweza kulazimishwa.

Samansi ikija usiipuuze. Nenda na cheti cha ndoa, na kabla hujaapishwa mwambie hakimu kuwa wewe ni mkewe. Ndoa ya nikaha yatambulika, hata ukiwa mke wa pili.

Bint Shela
Naongeza kuhusu kauli yenyewe, maana hapo ndipo wengi huharibu. Andika kwa "mimi", aya zenye nambari, yale uliyoyaona kwa macho yako: mnazi upi ulikuwa alama ya mpaka, nani aliupanda, ua ulisogezwa lini. "Mume wangu aliniambia" usiandike. Maneno ya mume na mke ndani ya ndoa yalindwa na kifungu cha 130, huwezi kuyatoa bila ridhaa ya aliyeyasema. Na hata akiridhia, habari ya kuambiwa haithibitishi mpaka.

Tia sahihi na tarehe. Kauli haiapiwi kama hati ya kiapo. Utaapa siku ya kusikizwa, useme ni yako, kisha wakili wa jirani akuhoji. Usipofika, haitakusimamia. Ikiwa imeandikwa Kiingereza, usomewe yote kwa Kiswahili kabla ya sahihi, na aliyekutafsiria aandike jina lake chini.

Karani wa Amu
Na iende pamoja na utetezi wa mumeo. Ndivyo yataka Agizo la 7 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010. Ikichelewa, wakili aombe ruhusa ya korti, na iwasilishwe si chini ya siku 15 kabla ya kikao cha kupanga kesi.

Jambo la kunitia wasiwasi ni hili: mumeo akikuita umtetee kwenye jinai, mwendesha mashtaka aweza kukusomea kauli ya shamba na kukuuliza kwa nini saa hazilingani. Wakili wa jinai aione kabla haijawasilishwa.

MamaHidaya
Shukran sana. Mume wangu akitoa ushahidi wa shamba, naweza kukaa ndani nimsikilize?

Bint Shela
La, dada. Shahidi hungoja nje mpaka aitwe. Ukishamaliza kuhojiwa, waweza kukaa.