Barua ya Nuru kwenye kundi la ukoo

Jumanne, saa 2:10 usiku

Kassim: Habari za jioni wazee na vijana. Hiyo hapo juu ndiyo barua ya kuwaombea wagonjwa dawa. Ijumaa dada, Mama Nuru, na wazazi wenzake wanaipeleka kwa wabunge. Someni, mtie sahihi.

Kassim: Kichwa nimeweka BANGI NI TIBA, IRUHUSIWE LEO!!! 🌿💪

Mjomba Idi: Nani kaleta bangi kwenye kundi la ukoo?

Kassim: Shikamoo Mjomba 😅

Mjomba Idi: Marahaba. Hujajibu.

Mama Nuru: Shikamoo Mjomba. Ni mimi niliyemwomba Kassim aandike, yeye ndiye mwenye kalamu nyepesi. Ni kwa ajili ya Nuru na kifafa chake.

Salma: Nyepesi mno, wifi. Baba watoto, aya ya pili unasema bangi inatibu saratani, kisukari, presha, pumu "na maradhi mengine yote". Umeyatoa wapi?

Kassim: Mtandaoni

Salma: Nilijua. Futa aya nzima.

Kassim: Hata saratani? Watu wengi wanasema

Salma: Kinachojulikana kwenye saratani ni kichefuchefu na kutapika kwa wanaotibiwa kwa kemo. Vidonge vya dronabinol, vyenye kemikali ileile iliyomo kwenye bangi, vilikubaliwa Marekani kwa kazi hiyo tangu 1985. Kumtuliza mtu asitapike ni jambo kubwa, muulize aliyepitia kemo, ila si kuua uvimbe. Na pumu, Kassim? Mtu kifua kimembana, wewe umpe moshi?

Shangazi Zuhura: 😂😂 Salma mwanangu usimmalize mwenzio hadharani.

Salma: Simmalizi Shangazi, ila daktari akifika mstari huo barua anaiweka chini. Na watakaoumia ni wale wenye haki.

Mjomba Idi: Mimi nimekaa kwenye upolisi miaka 31. Kila niliyemkuta nayo mfukoni alikuwa "mgonjwa". Mmoja aliniambia anatibu goti.

Shangazi Zuhura: Shemeji, na mimi nimekaa wodini miaka kama hiyo. Wako walikuwa wanakimbia. Wangu walikuwa hawawezi hata kugeuka kitandani.

Mama Nuru: Naomba nitume picha moja tu, halafu nitanyamaza.

Mama Nuru: 📷

Mama Nuru: Hilo ndilo daftari la Nuru. Wino mwekundu ni kuanguka kukubwa, wa buluu ni kule kukakamaa. Zile nukta ni kichwa kudondoka tu, kama mtu anayesinzia, ila anadondoka mwili mzima. Nukta siku hizi sizimalizi. Ndiyo maana hata sebuleni anavaa kofia ya baiskeli, mliokuja mliuliza. Mwezi uliopita: nyekundu 41.

Mjomba Idi: 41 kwa mwezi?

Mama Nuru: Ndiyo Mjomba. Na yuko kwenye dawa tatu, ya nne tumeiacha kwa sababu alitoka vipele mwili mzima.

Bibi: 🎤 0:48

Kassim: Kwa wasioweza kusikiliza: Bibi anasema Idi aache upolisi wake mlangoni, mtoto ni wa kwetu. Halafu kuna jogoo anawika muda mrefu.

Mjomba Idi: Nimesikia, Mama. Lakini niulize kama asiyejua. Mnataka mtoto wa miaka 6 avute?

Salma: Hapana Mjomba, na hilo swali ndilo barua ilitakiwa kulijibu kwenye mstari wa kwanza. Mmea ule una kemikali zaidi ya mia moja za aina yake. Inayolewesha ni THC. Kuna nyingine inaitwa CBD, kanabidioli kwa kirefu, hailewishi mtu. Zote mbili alizichambua Raphael Mechoulam na wenzake kule Israeli, CBD mwaka 1963 na THC mwaka 1964. Kwa hiyo si mambo ya juzi.

Salma: Dawa ya CBD ya kifafa inaitwa Epidiolex. Ni maji ya kunywa, unapima kwa sirinji kwa uzito wa mtoto. Marekani waliikubali Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa sugu, Dravet na Lennox-Gastaut. Nuru ana hiyo ya pili.

Mjomba Idi: Inaponya?

Salma: Haiponyi. Ulipochapishwa utafiti wa Dravet mwaka 2017, walikuwa watoto na vijana 120. Nusu walipewa dawa, nusu maji yanayofanana nayo yasiyo na dawa ndani, na hakuna mzazi aliyejua wake kapewa kipi. Ukihesabu kwa mtoto wa katikati wa kila kundi, waliopewa dawa walitoka kuanguka mara 12.4 kwa mwezi wakafika 5.9. Wenzao walitoka 14.9 wakafika 14.1.

Mama Nuru: Kwa anayesikia nusu akaona ni kidogo: ningepewa hiyo nusu ningelala.

Salma: Na tuandike madhara yake pia. Usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula. Anayetumia valproate, dawa nyingine ya kifafa, lazima apimwe ini, maana vimeng'enya vyake vinaweza kupanda. Anayetumia clobazam, nayo ya kifafa, usingizi unaongezeka, hiyo na CBD zinasukumana mwilini. Nuru anatumia valproate na clobazam zote mbili.

Kassim: Sasa tukiandika madhara si tunawapa silaha?

Shangazi Zuhura: Mwanangu, dawa isiyo na madhara ni ile isiyofanya kazi. Andika.

Mjomba Idi: Basi kama ni chupa hiyo moja, ombeni chupa hiyo moja. Mbona mnabeba shamba zima?

Shangazi Zuhura: Kwa sababu wagonjwa si wa aina moja, shemeji. Wale ambao kinga ya mwili inashambulia neva zao, misuli inakakamaa mpaka miguu inakuwa kama ubao. Wao wana dawa ya kupulizia mdomoni, hiyo ina THC na CBD karibu sawa kwa sawa. Uingereza imeandikishwa tangu 2010. Tukiomba ya Nuru peke yake tumewafungia mlango wenzetu tuliokaa nao foleni moja.

Mjomba Idi: Na mikataba ya kimataifa? Tulifundishwa chuoni, mkataba wa 1961 umeiweka bangi kwenye kundi baya kabisa.

Mama Nuru: Mjomba huo mkataba nimeusoma usiku mmoja Nuru alipokuwa amelazwa. Mwanzo wake kabisa unasema dawa za aina hiyo bado ni za lazima katika kutuliza maumivu na mateso, na nchi zihakikishe zinapatikana kwa tiba. Walichofungia ni ulevi.

Mama Nuru: Na hilo kundi baya, Jedwali la Nne, bangi imetolewa humo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ikapiga kura tarehe 2 Desemba 2020. 27 wakakubali, 25 wakakataa, mmoja hakupiga upande wowote.

Mjomba Idi: Kura mbili tu.

Mama Nuru: Mbili tu. Na imebaki Jedwali la Kwanza, kwa hiyo bado inabanwa. Lakini humo ndimo ilimo mofini, dawa ya maumivu makali.

Shangazi Zuhura: Na mofini tumeitoa miaka yote. Kabati lenye kufuli mbili, daftari, sahihi ya wauguzi wawili, ukivunja kichupa unaandika umevunja. Hakuna aliyesema tukiwapa wagonjwa mofini mtaa mzima utalewa.

Kassim: Naweza kuweka ile habari ya Uingereza? Mama mmoja alinyang'anywa mafuta ya bangi ya mwanawe uwanja wa ndege wa Heathrow, Juni 2018. Mtoto anaitwa Billy Caldwell, ana kifafa. Akazidiwa, akalazwa, kelele zikawa nyingi, waziri akaruhusu yarudishwe. Kufika tarehe 1 Novemba mwaka huohuo sheria ikabadilika, daktari bingwa akaruhusiwa kuandika. Miezi mitano!

Mama Nuru: Weka, ila uiweke mpaka mwisho wake. Baada ya sheria, madaktari wa huduma ya umma waliogopa kuandika. Wazazi wengi wakaishia kununua kwa cheti cha daktari binafsi. Kwa hiyo mwongozo wa madaktari na mafunzo viwe ndani ya ombi letu, visiwe ahadi ya baadaye.

Shangazi Zuhura: Na tuseme hii ya kulima. Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, ya kwanza Afrika. Rwanda ikatoa kanuni zake 2021, za kuuza nje. Wabunge wakisikia fedha za kigeni watakubali haraka sana, wataona wametusikia. Mmea utapanda ndege, mgonjwa atabaki na kofia ya baiskeli.

Kassim: Hiyo naiiba Shangazi.

Saa 3:32 usiku

Chande: _Ujumbe huu umefutwa_

Salma: Chande nimeusoma kabla hujaufuta. Asante kwa nia, lakini hapana. Chupa ya mafuta ya bangi isiyo na lebo huwezi kujua ina CBD kiasi gani wala THC kiasi gani. Unaweza kukuta ni mafuta ya kupikia.

Chande: Nilitaka kusaidia tu dada 🙏

Mama Nuru: Ngoja niseme kitu. Mliolala mtasoma asubuhi.

Mama Nuru: Mimi niliwahi. Mwaka jana. Nilinunua kwa mtu chupa ndogo nyeusi, kifuniko cha tone. Akaniambia matone matano chini ya ulimi. Niliweka mawili kwa sababu niliogopa. Nuru alilala saa 14. Sikuweza kumwamsha vizuri, anafungua macho, yanaelea, anafunga. Nilikaa sakafuni nimeweka mkono kifuani kwake nahesabu pumzi, naandika kwenye daftari lilelile, kila dakika kumi.

Mama Nuru: Sikumpeleka hospitali. Nilijua wakiniuliza kala nini nitalazimika kusema. Kliniki iliyofuata daktari akaniuliza kuna kitu kipya? Nikasema hakuna. Akaongeza dozi ya dawa nyingine kwa sababu alidhani usingizi ule ni ugonjwa unaobadilika... sikusema.

Shangazi Zuhura: Mwanangu jamani.

Salma: Wifi 😔

Mjomba Idi: Kwa nini hukunipigia?

Mama Nuru: Mjomba, wewe ni polisi.

Saa 4:15 usiku

Kassim: Mko?

Kassim: Nimeandika upya. "Sisi ni wazazi, wagonjwa na wauguzi. Tunaomba dawa zitokanazo na mmea, zilizopimwa na zenye lebo, zitolewe kwa cheti cha daktari bingwa na kuhifadhiwa kama mofini. Hatuombi uvutaji. Tunaomba mzazi aweze kumwambia daktari ukweli." Kichwa nimeweka OMBI LA DAWA ZA KANABIDIOLI NA JAMII YAKE.

Salma: Hapo sasa. Mume wangu amerudi.

Mjomba Idi: Kichwa kibaya.

Kassim: Mjomba tena?

Mjomba Idi: "Dawa zitokanazo na mmea." Mmea gani? Mchaichai? Mmeogopa neno. Nimehoji watu miaka 31, mtu akianza kuzunguka jina la kitu najua kuna jambo kaficha. Wabunge nao watajua. Andikeni bangi, kichwani na mstari wa kwanza. "Dawa zitokanazo na bangi." Halafu zile alama tatu za mshangao zisirudi.

Salma: Mjomba yuko sahihi.

Kassim: Kwa hiyo Mjomba unatia sahihi?

Mjomba Idi: Nitumie ule utafiti wa watoto 120 nausome mwenyewe. Na huo mkataba. Sahihi haiombwi usiku.

Bibi: 🎤 0:07

Kassim: Bibi anasema yeye aandikwe wa kwanza, na kama kidole gumba kinatosha.

Jumatano, saa 11:50 alfajiri

Mama Nuru: Saa 9 na robo. Nyekundu. Dakika 3 na sekunde 40.

Shangazi Zuhura: Ulimlaza ubavu?

Mama Nuru: Ndiyo. Amelala sasa, anapumua vizuri. Kassim, barua imalizie bila kunisubiri.

Mjomba Idi: Mwanangu, hiyo chupa nyeusi bado unayo?

Mama Nuru: Ipo, Mjomba. Imebaki nusu.

Mjomba Idi: Usiimwage. Salma, kuna mahali inaweza kupimwa tujue alikunywa nini? Nitaibeba mimi.