Maelezo ya msaada ndani ya programu: yapi yaingie kwenye skrini?

Mwandishi wa Miongozo aliuliza:
Wanajukwaa, habari za kazi. Nimezoea kuandika miongozo inayosomwa kando ya programu, na sasa timu yetu imeamua kwamba maelezo yahamie ndani ya kiolesura chenyewe, yaani kwenye vitufe, karibu na visanduku vya kujazia na katika ujumbe wa makosa. Naomba ushauri kuhusu yapi yahamie na yapi yabaki kwenye mwongozo. Aidha, mimi huletewa skrini zikiwa zimekwisha kutengenezwa. Je, ndiyo hatua inayofaa?

Msanifu:
Ndugu, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linaloamua la kwanza. Ukiletewa skrini iliyokamilika, utatumia aya nzima kufafanua utata ambao ungeondoka kwa kubadilisha jina la kitufe kimoja. Omba kushirikishwa skrini zikiwa bado michoro. Kuhusu mgawanyo, jambo ambalo mtumiaji hawezi kuendelea bila kulijua liwe mbele ya macho yake: tarehe iandikwe kwa mpangilio gani, nywila iwe na herufi ngapi, ni nini kitakachopotea akibonyeza "Futa". Dhana, sababu na kazi zinazopitia skrini nyingi zibaki kwenye mwongozo. Nguvu nyingi zaidi ziweke kwenye ujumbe wa makosa, kwa sababu anayeusoma amekwama tayari: "Ingizo si sahihi" haimsaidii, ilhali "Andika namba ya simu bila nafasi wala alama" inamwonyesha la kufanya.

Mpima Ufikivu:
Nakubaliana naye, ila tafadhali usiweke maelezo muhimu katika maandishi hafifu yaliyo ndani ya kisanduku, kwani hutoweka mara mtu anapoanza kuandika, hasa wakati anapoyahitaji. Vilevile maelezo yanayotokea kishale kinapopita juu ya alama hayategemeki kwenye simu, ambako mtu hugusa kwa kidole. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, yaani mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, unataka maelezo ya aina hiyo yaweze kufungwa bila kusogeza kishale, na yasijifunge yenyewe wakati mtu bado anayasoma.

Mhariri wa Programu:
Naongeza tahadhari moja. Msaada usiingilie kazi ya mtu bila kuombwa. Microsoft iliweka msaidizi mwenye umbo la kibanio cha karatasi katika Office 97. Watu wengi walimwona kero, naye akaondolewa kabisa katika Office 2007. Ziara za utangulizi zinazofunika skrini yote huleta kero ileile, kwa hiyo mpe mtumiaji njia ya kuziruka na ya kuzirudia baadaye. Pia wasihi waundaji programu waweke maandishi yote katika faili lililotengwa na msimbo, kila ujumbe ukiwa sentensi kamili. Sentensi inayoungwa kwa vipande huvunja upatanisho wa ngeli: kiolezo kimoja, yaani sentensi yenye pengo la kujazwa jina, chenye "imefutwa" kitafaa kwa picha, lakini kwa faili na kitabu kitakosea.