Gari langu linafanya gemu likwame
Wakuu naombeni msaada, nimechora gari kwenye Blender (programu ya kuchora maumbo ya 3D) lina poligoni (vipande bapa vidogo vinavyounda umbo) laki 4, nikiliingiza tu kwenye gemu fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinashuka vibaya, nianzie wapi?

Jibu: Laki 4 ni nyingi mno ndugu yangu. Futa kwanza visivyoonekana, injini iliyofichwa na boneti, nati za tairi, halafu tengeneza matoleo mepesi ya kutumika gari likiwa mbali, hapo ndo utaona tofauti kubwa kweli.

Jibu: Na teksta pia (picha zinazofunika umbo), ya pikseli 4096 kila upande ukiishusha 2048 inakula robo tu ya memori ya mwanzo. Materiali (mipangilio ya rangi na mng'ao wa kila sehemu) unganisha, zikizidi prosesa inaelemewa.

Jibu: Umbo la kugongana (lisiloonekana, ambalo gemu hutumia kujua gari limegonga kitu) lisiwe bodi yenyewe, maboksi machache yanatosha.

Muulizaji: Asanteni sana, kumbe tairi peke yake zilibeba nusu ya poligoni zote!