Mjadala: Rais wa Marekani awe na uwezo wa kumtumbua mtumishi yeyote wa serikali?

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, salaam. Kuna swali lililowagawa Wamarekani tangu taifa lao likiwa changa, na mwaka 2025 limerudi kwa kishindo: je, Rais aweze kumwondoa kazini yeyote aliye serikalini, au wapo ambao mkono wake usiwafikie? Mimi nasema wapo. Nitaeleza kwa nini, na anayepinga aje, uwanja uko wazi.

Naanza na mama mmoja. Frances Kelsey, daktari na mtaalamu wa famasia, aliajiriwa Agosti 1960 na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Miongoni mwa mafaili ya kwanza kuwekwa mezani kwake lilikuwamo la dawa ya usingizi iitwayo thalidomide. Huko Ulaya dawa hiyo ilikuwa imeshauzwa kwa miaka kadhaa, na hata wajawazito wenye kichefuchefu walikuwa wakiimeza. Sheria ya wakati ule ilimpa siku 60. Zikipita bila yeye kusema neno, dawa inaingia sokoni. Basi kila siku hizo zilipokaribia kwisha aliandika barua: ushahidi hautoshi, leteni zaidi. Hesabu inaanza upya. Kampuni ilimpigia simu, ikamfuata ofisini, ikamlalamikia kwa wakubwa zake. Hakuidhinisha. Mwishoni mwa 1961 Wajerumani wakagundua kwamba dawa ile ndiyo iliyokuwa ikiwafanya watoto wazaliwe na mikono na miguu iliyodumaa. Watoto walioathirika duniani wanakadiriwa kufika 10,000 au zaidi. Marekani walikuwa wachache mno. Agosti 1962 Rais Kennedy akamvisha nishani.

Huyu mama hakupigiwa kura na mtu. Lakini kama kazi yake ingekuwa inaning'inia kwenye simu moja kutoka Ikulu, kampuni isingehangaika kugonga mlango wake. Ingetafuta namba ya Ikulu.

Na ulinzi huo ulipatikana kwa damu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, chama kilichoshinda kiligawia wafuasi wake kazi za posta, forodha, mpaka ukarani. Tarehe 2 Julai 1881, Charles Guiteau, mtu aliyejiaminisha kwamba kampeni aliyoipiga inamstahilisha cheo cha kibalozi, alimpiga risasi Rais James Garfield kwenye stesheni ya treni pale Washington. Garfield alikufa Septemba. Mwaka 1883 ikapita Sheria ya Pendleton: ajira kwa mtihani, si kwa kadi ya chama. Ilianza na takriban mtumishi mmoja kati ya kumi, ikapanuka miaka ilivyokwenda.

Leo serikali kuu ya Marekani ina watumishi raia zaidi ya milioni 2. Wateule wa kisiasa ni kama 4,000 tu, na hao Rais mpya huwabadilisha apendavyo, hakuna anayenung'unika. Ugomvi uko kwa waliobaki. Oktoba 2020 Trump alitoa amri ya kuunda kundi jipya la watumishi, likaitwa Schedule F, ambao wangeondolewa kwa urahisi. Biden aliifuta Januari 2021. Trump akairudisha siku ileile alipoapishwa, 20 Januari 2025, na serikali yake yenyewe ikakadiria kwamba nafasi zipatazo 50,000 zingeguswa.

Sisi hapa nyumbani tumeshazoea taarifa ya usiku, "uteuzi wake umetenguliwa", na asubuhi maisha yanaendelea. Pengine ndiyo maana jambo hili halitushtui. Mimi linanishtua.

Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu yangu, shukrani kwa mada, ila umechagua mfano uliokufaa. Nami nina wangu.

J. Edgar Hoover alishika mwaka 1924 idara ya upelelezi iliyokuja kuitwa FBI, akakaa hadi mauti yalipomkuta 1972. Miaka 48! Marais wanane walipita juu yake. Alikusanya siri za wanasiasa, na shirika lake lilimtegea Martin Luther King vinasa sauti na kumfuata kila aendako. Nani alimchagua? Mpiga kura wa Alabama au wa New York angemwadhibu vipi mtu yule? Rais nikimchoka namsubiri miaka minne. Karani nikimchoka namfanyaje?

Halafu someni Katiba yao. Ibara ya Pili inaanza kwa kusema mamlaka ya utendaji yatakuwa ya Rais. Haikutaja Rais na idara zake, wala Rais na wataalamu. Ni Rais peke yake. Mwaka 1926, katika kesi ya Myers, postamasta wa Portland aliyeondolewa na Rais Wilson, Mahakama ya Juu ilisema kumwondoa ofisa wa namna ile ni haki ya Rais, na Kongresi, yaani Bunge lao, haiwezi kumfunga mikono kwa kudai ridhaa ya Seneti. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Taft, aliyewahi kuwa Rais mwenyewe na aliyejua uzito wa kiti kile. Ukimpa mtu jukumu la kusimamia sheria zitekelezwe, kisha ukamnyima uwezo wa kumwondoa anayekataa kuzitekeleza, umempa gari lisilo na usukani, na ajali ikitokea utamlaumu yeye.

Mleta mada (Morogoro)

Kaka wa Mombasa, umenigusa penye ukweli, na Hoover simtetei hata kwa sentensi moja. Lakini hebu tazama vizuri. Yule hakuwa na kinga yoyote ya kisheria. Kila mmoja wa wale marais wanane angeweza kumwondoa siku yoyote, tena mwaka 1964, umri wa kustaafu ulipokaribia, ni Rais Johnson aliyetoa amri ya kumruhusu aendelee. Mamlaka ya kumtumbua walikuwa nayo. Waliogopa mafaili yake, au waliyahitaji. Aliyekuja kuliziba tundu lile ni Kongresi: mwaka 1976 ikaweka kwamba mkurugenzi wa FBI asizidi miaka kumi. Dawa ilikuwa ukomo na macho ya Bunge. Kumwongezea Rais rungu kusingesaidia.

Kuhusu Taft, hadithi haikuishia 1926. Mwaka 1933 Rais Roosevelt alimtaka William Humphrey ajiuzulu kutoka Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC. Hakumtuhumu wizi wala uvivu. Alimwandikia kwamba hawaoni mambo kwa jicho moja. Humphrey akakataa, Roosevelt akamwondoa, naye akashikilia kwamba bado ni kamishna na mshahara wake anaudai. Akafariki mapema 1934. Msimamizi wa mirathi ndiye aliyeendelea na kesi, akiidai serikali ya Marekani mshahara wa marehemu, na mwaka 1935 majaji wote tisa wakasema Roosevelt alikosea. Kongresi ilikuwa imeweka muhula wa miaka saba na kutaja sababu za kumwondoa kamishna: kushindwa kazi, uzembe, utovu wa maadili. Kutofautiana na Rais haikuwamo.

Kwa hiyo usukani upo, kaka. Anayezembea anaondolewa. Mtumishi wa kawaida naye anaweza kufukuzwa kwa sababu inayoelezeka, akapewa nafasi ya kujitetea. Kinachobishaniwa ni kumwondoa bila sababu, na ndicho kilichotokea Machi 2025 kwenye tume ileile ya Humphrey: wajumbe wawili wa chama cha Democratic waliondolewa, na kesi ya mmoja wao, Rebecca Slaughter, ikafika Mahakama ya Juu ikiwa imebeba hukumu ya 1935 mgongoni.

Mchangiaji (Kasulu, Kigoma)

Mimi niulize la huku kwetu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ina Wakongo waliokaa tangu 1996. Wapo waliopita usaili mara kadhaa, wakapimwa afya, wakachukuliwa alama za vidole, wakangoja safari ya Marekani. Mtu akiitiwa safari hugawa sufuria na godoro lake kwa jirani, kwa kuwa anaondoka. Januari 2025 ikaja amri moja, mpango mzima ukasimama, na hata safari zilizokwisha pangwa zikafutwa. Hao watumishi mnaotaka walindwe walikuwa wapi?

Mleta mada (Morogoro)

Dada au kaka wa Kasulu, swali lako limenikalisha kitako. Jibu la kweli ni kwamba hapo ulinzi ninaoutetea usingesaidia kitu. Sheria ya Wakimbizi ya 1980 inamwachia Rais kupanga kila mwaka idadi ya watakaopokelewa, baada ya kushauriana na Kongresi. Kushauriana, si kuomba ruhusa. Sheria ya uhamiaji ya 1952 nayo inamruhusu kuzuia kundi la wageni akiona kuingia kwao kunadhuru nchi, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliisoma kwa upana mkubwa. Kwa mwaka wa fedha wa 2025 Biden alikuwa ameweka kikomo cha watu 125,000. Kwa mwaka uliofuata Trump aliweka 7,500. Kifungu ni kilekile, mkono umebadilika. Anayeendesha usaili, hata awe na moyo wa dhahabu, hana pa kushikia.

Ndiyo maana siwezi kuwalaumu marais peke yao. Kongresi ya Marekani imetumia karne moja ikimkabidhi Rais funguo, mara nyingi kwa sababu uamuzi mgumu huwa na lawama na wabunge hawataki lawama. Nikitaka kumsaidia yule aliyegawa godoro lake, ni kwa wabunge wale nitakwenda.

Lakini kaka wa Mombasa, usidhani nimekuachia. Tarehe 1 Agosti 2025 idara ya takwimu za kazi ilitoa hesabu ya ajira ya mwezi, ikawa dhaifu, na ya miezi miwili ya nyuma ikapunguzwa sana. Siku ileile Trump akamwondoa mkuu wa idara hiyo, Erika McEntarfer, akidai kwamba namba zimepikwa, na hakutoa ushahidi. Kisheria huyo ni mteule, Rais anaweza kumwondoa. Nimekubali. Sasa nijibu wewe: mwezi unaofuata, yule mtakwimu aliyeketi na majedwali yake, namba ikatoka mbaya tena, unataka aogope nini anapoiandika?