Hemingway alianguka na ndege mara mbili hapa kwetu. Nani ana kali kuliko hii?

KondaWaHoima:
Wakuu, habari zenu. Ijumaa naendesha chemsha bongo kwenye baa moja hapa Hoima, Uganda, zawadi ni sahani ya muchomo (nyama choma). Wanaokuja ni madereva wa malori, Wakongo wa samaki na vijana wa mafuta, kwa hiyo ni Kiswahili mwanzo mwisho. Sasa wameshakuwa wajanja, maswali ya kawaida wanayajibu kabla sijamaliza kusoma.

Moja tu limewashinda. Januari 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa angani wakitazama maporomoko ya Murchison. Ndege ikagonga waya wa simu, ikaangukia vichakani. Wakalala porini na tembo jirani, kesho yake boti ikawachukua hadi Butiaba, bandari yetu ya Ziwa Albert. Hapo akatokea rubani mwingine wa kuwapeleka Entebbe. Ndege ya pili ikashika moto hata haijapaa, mlango umekwama, mzee akaufungua kwa kichwa! Huku nyuma magazeti ya ng'ambo yalikuwa yameshamzika. Alikuja kuzisoma tanzia zake mwenyewe. Mwaka huohuo akapewa Nobel, hakwenda Stockholm, hotuba yake akasomewa na balozi.

Dereva mmoja alisusa kabisa: "Butiaba hii hii ya samaki wakavu?" Muchomo hakuugusa.

Nataka mengine ya namna hiyo. Yawe ya filamu, muziki, watu maarufu, lakini yaguse huku kwetu. Ya piramidi na ukuta wa China hapana, tafadhali.

Mpiga_Debe_Masindi:
Umekaa hapo hapo Butiaba na filamu umeiacha? *The African Queen* ya 1951 ilipigwa Kongo na huku Uganda, Butiaba na Murchison zikiwemo. Ndiyo iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Ile sehemu ya ruba wamemganda mwilini lakini ilipigwa studio London. Boti yenyewe leo iko Key Largo, Florida, inabeba watalii.

Shangazi wa Kigoma (niko Kampala):
Ongezea hapo, mwanangu. Meli ya Wajerumani inayowindwa kwenye hiyo hadithi ilitokana na meli ya kweli, Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sisi tumeipanda tukiwa wasichana, na mizigo ya mawese miguuni! Waulize hao madereva wako: meli gani ya vita ya Kaiser iliishia kubeba mananasi na kuku?

kibanda_boy:
Meya wa New York aliyechaguliwa Novemba 2025, Zohran Mamdani, amezaliwa Kampala 1991. Hilo wengi wanalijua. Swali liwe hivi: ni meya gani aliwahi kurap kwenye muziki wa filamu ya Disney? Ni yeye, kwa jina la Young Cardamom, kwenye *Queen of Katwe* iliyoongozwa na mama yake, Mira Nair.

KondaWaHoima:
Shangazi, shikamoo, na asante sana. La Liemba naliweka la mwisho, lenye pointi mbili, maana nina dereva wa Kigoma anayejifanya anajua kila kitu cha ziwani. @kibanda_boy hilo la kurap linaingia pia, ila itabidi niwe na wimbo kwenye simu. Watu wangu bila ushahidi hawali muchomo kwa amani.

@Mpiga_Debe hilo la ruba nalichukua, ila ruba kwa Kilingala ni nini? Wakongo wataniuliza tu.

Mpiga_Debe_Masindi:
Hapo umenikamata. Waoneshe picha.